Je, Wajua? Kunyonya ni Kazi Nzito kwa Moyo Wenye Kasoro

Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na kwa baadhi yao kazi ngumu kuliko zote za siku ni kunyonya. Tundu likiwa kubwa kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, damu nyingi mno hurudi mapafuni; mtoto huhema haraka, hutokwa jasho kichwani anaponyonya, na husinzia kabla ya kushiba. Ndiyo maana muuguzi hodari huangalia unyonyaji kwa makini kama anavyohesabu pumzi, tena humpima mtoto kila siku kwa mizani ileile: uzito usipopanda, huenda nguvu zinatumika zaidi kuliko zinavyoingia; ukipanda ghafla, huenda maji yanajaa mwilini.

Wapo wanaodai mtoto huyu apewe chupa kwa kuwa titi linamchosha. Utafiti umeonyesha kinyume: oksijeni katika damu huwa shwari zaidi akinyonya titi. Wengine huona mpira wa kulishia unaopitishwa puani kuwa ni kukata tamaa. Sivyo. Mtoto hunyonya kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, kwa dakika zisizozidi 30, kisha maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukamilisha mlo kupitia mpira, nguvu zake zikabaki za kukua. Upasuaji huziba tundu. Lakini wanaomfikisha huko akiwa na uzito wa kutosha ni mama na muuguzi, tone kwa tone.