Walidhani amelewa, kumbe ni sukari imeshuka

ILIKUWA Jumamosi, saa moja jioni, na mimi nilikuwa nimesimama steji ya Githurai nikimngoja rafiki yangu tukatazame mechi. Baridi ya Julai ilikuwa inauma. Matatu ikasimama, mlango ukafunguka, na makanga akamshusha mtu kwa kumshika kola, kama anashusha gunia la viazi.

"Chukueni mlevi wenu!" akasema.

Watu wa steji wakacheka. Mimi pia nikacheka, hadi yule mlevi alipoinua kichwa. Alikuwa ndiye huyo rafiki yangu.

Shati lake lilikuwa limelowa jasho, na nimesema ilikuwa Julai. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilipomuuliza amekunywa nini, alinitusi matusi ambayo sijawahi kuyasikia kutoka kwake, tena yeye ni mpole hadi huwa tunamtania kwamba angefaa kuwa padre. Maneno yalikuwa yanamtoka yakiwa yameshikana. Nikasema basi, leo jamaa amezidisha. Nikamshika kwapa tukaanza kuelekea kwa keja yangu. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nimlaze, nifunge mlango, niende kwa mechi, nikirudi atakuwa amelala ikatulia.

Nimeufikiria mpango huo mara nyingi tangu siku hiyo.

Aliyeuvuruga ni mama anayeuza chipsi pale chini ya ploti yetu. Alituona tukipita akaacha karai lake. "Huyu kijana ana kisukari?" akaniuliza. Nikamwambia, "Hapana mathe, kisukari ni cha wazee. Huyu amelewa tu." Akamsogelea, akamnusa mdomo. "Pombe gani hii haina harufu?" Akafungua begi la mwenzangu bila hata kuomba ruhusa, na ndani kulikuwa na kalamu ya insulini na kimashine cha kupima sukari.

Mume wa huyo mama anaugua kisukari, na hii haikuwa mara yake ya kwanza kuona mtu katika hali hiyo. Alichota sukari kwenye kopo la chai, vijiko vya kutosha, akakoroga na maji, akamwambia, "Kunywa baba, kidogo kidogo." Akahakikisha anameza kabla ya kumpa funda lingine. Tukaketi kwenye kreti. Robo saa hivi ikapita, kisha rafiki yangu akatutazama kama mtu aliyeamka usingizini akauliza, "Buda, mechi imeanza?"

Sasa hapa ndipo niliposhikwa na aibu. Kabla niache masomo, mimi na huyu msee tuliishi chumba kimoja chuoni mwaka mzima. Mwaka mzima! Sikujua. Alikuwa anajidunga chooni. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa mtu akiona sindano ataeneza kwamba yeye ni teja, na wasichana wakisikia ni mgonjwa watamkimbia. Nikamwambia huo ni ujinga. Halafu nikakumbuka jinsi mimi mwenyewe nilivyocheka pale steji.

Tangu siku hiyo nimemsumbua kwa maswali, nimeandamana naye kliniki mara mbili, na nimesoma. Wacha nieleze nilichoelewa.

Ubongo hutumia sukari iliyo kwenye damu, ile glukosi, na hauna stoo ya maana ya kujiwekea akiba. Mtu mzima huwa na kiwango cha kama 4 hadi 6 kabla ya kula, ukisoma kwa zile mashine zetu za milimoli kwa lita. Kwa mwenye kisukari anayetumia dawa, ikishuka chini ya 4 hiyo tayari ni kushuka, achukue hatua. Chini ya 3 ni hatari, ubongo unaanza kukosa chakula. Mashine nyingine husoma tarakimu kubwa kubwa. Huko 70 ndiyo sawa na hiyo 4.

Ajabu ni kwamba wengi wetu tukisikia kisukari tunafikiria sukari kupanda tu. Ni kweli, ugonjwa wenyewe ni wa sukari kupanda. Lakini dawa inayoishusha haijui ikomee wapi. Kongosho la mtu mzima likiona sukari imepungua, linapunguza insulini lenyewe. Insulini uliyojidunga haifanyi hivyo. Ikishaingia imeingia, inaendelea kusukuma sukari kutoka kwenye damu hata kama hujala.

Na hivyo ndivyo ilivyotokea Jumamosi hiyo. Jamaa anauza nguo za mitumba Gikomba. Saa saba alijidunga insulini ya chakula cha mchana, chapo madondo ikiwa imeagizwa. Kabla sahani ifike, mteja wa jumla akatokea. Unajua biashara, mteja hangojewi. Akaacha chakula, akabeba mabalo kupanda na kushuka hadi jioni, na misuli ikifanya kazi nayo inakula sukari. Kisha akatembea hadi steji kwa miguu. Insulini bila chakula, juu yake kazi ya mgongo. Alipoketi kwenye matatu alihisi mikono inatetemeka, akadhani ni uchovu.

Kushuka huko huwa na dalili za aina mbili, na ukizijua hutamwita mtu mlevi haraka. Kwanza mwili hupiga kelele: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, midomo kufa ganzi, uoga usio na sababu. Hapo mtu bado anajielewa na anaweza kujisaidia. Akipuuza, ubongo wenyewe unaanza kuzima polepole. Anachanganyikiwa, anaona maluweluwe, ulimi unakuwa mzito, anayumba, anakuwa mkali bila kuchokozwa. Anaweza kukataa hata msaada. Yale matusi niliyotusiwa hayakuwa yake, ni njaa ya ubongo ndiyo ilikuwa inaongea. Mwisho kabisa ni kuzimia au kutupwa na kifafa, na ikikaa muda mrefu bila msaada, mtu anaweza kufa.

Kuna jambo lingine daktari alimwambia nikiwepo, nami likanishtua. Mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara, mwili huzoea na kuacha kupiga zile kelele za kwanza. Anaruka moja kwa moja hadi kuchanganyikiwa. Kwa hivyo yule anayejisifu ati "mimi hata ikifika 3 sihisi kitu" hajawa shujaa. Ameharibikiwa na kengele.

Haya, ufanye nini?

Kama mtu yuko macho na anaweza kumeza, mpe sukari ya kuingia damuni haraka, kama gramu 15. Usitafute mizani. Ni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari au glukosi kwenye maji, au kijiko kikubwa cha asali, au nusu ya ile chupa ya soda ya mililita 300. Soda ya kawaida, tafadhali, si ile ya kujivunia kwamba haina sukari. Hiyo haitasaidia chochote. Kisha ngoja dakika 15, upime tena kama mashine ipo. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, sasa ndio ale chakula chenyewe: chapati, mkate, ndizi, githeri, chochote cha kumshikilia kama mlo wa kawaida bado uko mbali.

Mpangilio huo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wengi wakiona mtu anatetemeka wanamkimbizia mandazi au chokoleti. Mafuta yaliyomo yanachelewesha sukari kuingia damuni, na wewe huna muda huo. Pia usilipue nusu kilo ya sukari kwa woga, maana baada ya saa moja mtakuwa mnapigana na sukari iliyopanda. Rafiki yangu anasema hiyo ndiyo sehemu ngumu zaidi, kungoja dakika 15 huku mwili wote unakulilia kwamba kula kila kitu ndani ya nyumba.

Huna mashine na huna uhakika kama ni sukari ama ni pombe? Mpe sukari kama anameza. Kikombe kimoja cha maji ya sukari hakitamuua, lakini kukikosa kunaweza.

Akiwa amezimia, mambo yanabadilika kabisa. Usimtilie chochote mdomoni, si maji, si soda, maana kitaingia kwenye mapafu. Akitupwa na kifafa usimwekee kijiko kati ya meno. Mlaze kwa ubavu, hakikisha anapumua, tafuta gari la kumfikisha hospitali mara moja na useme wazi mlangoni kwamba ana kisukari. Huko watamtilia glukosi kwenye mshipa. Na tafadhali, ukikuta kalamu ya insulini begini mwake, usimdunge ukidhani unamsaidia kwa dawa yake. Insulini ndiyo imemfikisha hapo.

Si wa sindano pekee wanaoshukiwa. Wazee wetu wengi wenye kisukari cha aina ya pili humeza vidonge kama glibenklamidi, ambavyo hulazimisha kongosho kutoa insulini, na wakiruka mlo wanaweza kuanguka vilevile. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuleta shida hiyo. Kwa hivyo shosho akianza kuongea maneno yasiyoeleweka saa sita mchana na hajala tangu asubuhi, usiseme tu ni uzee.

Halafu kuna sisi vijana wa wikendi. Ini ndilo hutoa akiba ya sukari usiku ukiwa umelala. Ukilipa kazi ya kuchuja pombe, linaacha ile nyingine. Mtu wa insulini akinywa bila kula, sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, alfajiri, akiwa kitandani na kila mtu akidhani ni hangova. Hata asiye na kisukari akinywa kupita kiasi kwa tumbo tupu, inaweza kumkuta. Jamaa yangu siku hizi akitoka nasi, anakula kwanza, anapima kabla ya kulala, na mmoja wetu lazima ajue. Akiamka na shuka limelowa jasho na kichwa kinagonga baada ya ndoto mbaya, anajua ilishuka usiku.

Na wewe usiye na ugonjwa wowote lakini kila saa tano asubuhi unaambia ofisi nzima kwamba "sukari yangu imeshuka", pengine ni njaa tu, bana. Mwili mzima hujilinda vizuri. Lakini kama unatokwa na jasho, unachanganyikiwa, na ukila unapata nafuu, na inajirudia, nenda ukapimwe wakati hali hiyo imekushika. Usijitibu kwa soda kila siku.

Nisifanye insulini ionekane adui. Ilidungwa binadamu kwa mara ya kwanza Januari 1922 kule Toronto, Kanada, na aliyedungwa alikuwa mvulana wa miaka 14. Kabla ya hapo, kijana mwenye ugonjwa kama wa rafiki yangu hakuwa na miaka mingi ya kuishi. Shida ni vitu vinavyozunguka dawa hiyo. Stripu za kupimia, kwa mfano. Ukiwa unahesabu stripu kama nauli, unaanza kubahatisha, na kubahatisha ndiko kulikomshusha kwa matatu akiwa ameshikwa kola.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia makanga. Akaniambia alijaribu. Alisema "sukari, sukari", na watu wakacheka wakidhani anamtongoza dada aliyeketi karibu naye.

Sasa ana kadi kwenye kipochi cha simu, imeandikwa kwamba ana kisukari na nambari yangu iko hapo. Mfukoni hakosi switi za glukosi. Jumatano iliyopita tulikuwa tumeketi nje ya kibanda cha mathe wa chipsi, akanyamaza ghafla, akatoa mashine, akajidunga kidole mbele ya watu wote. 3.6. Akatafuna switi nne. Mimi nikaweka alamu ya simu. Baada ya dakika 15 ilisoma 5.1, na mathe akamletea sahani bila kuulizwa.

Bado hajamwambia mpenzi wake. Anasema atamwambia mwisho wa mwezi.