Faragha si siri: Mwenye nyumba naye ampigie mgeni hodi

KATIKA Kiswahili, anayepiga hodi ni mgeni. Mwenyeji yuko ndani, mgeni yuko nje, na kati yao kuna mlango. Adabu ya pwani inamtaka mgeni abishe hodi hadi mara tatu. Asipojibiwa, ageuke aende zake bila kinyongo. Hapo lugha yetu imeshaeleza jambo ambalo wanasheria hulihitajia kurasa nzima: nafasi ya mtu haiingiwi mpaka mwenyewe aseme karibu.

Leo nataka kuligeuza jambo hilo. Katika miji yetu, mgeni akifika kwenye lango la jumba la ofisi au mtaa wa nyumba za kupanga, hukabidhiwa daftari. Aandike jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, anakotoka, anayekwenda kumwona, saa na sahihi. Mgeni ameipigia nyumba hodi. Je, nyumba nayo imempigia hodi kabla ya kuingia katika mambo yake? Naamini jibu la swali hili linaanzia katika maneno tunayotumia.

Tuanze na neno faragha. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuwa tupu au kutokuwa na shughuli. Anayekwenda faraghani anakwenda mahali pasipo na wengine. Siri nalo ni la Kiarabu, lakini maana yake ni jambo lililofichwa. Wengi wetu, hata wasomi, tunayachanganya maneno haya mawili. Ndiyo maana utasikia mtu akisema, "Mimi sina la kuficha, waandike tu." Kauli hiyo inajibu swali la siri, swali la faragha linabaki pale pale. Mtu akiingia bafuni hufunga mlango, ingawa hakuna asiyejua anachokwenda kufanya humo. Hana siri, lakini ana faragha. Vivyo hivyo, nambari yangu ya simu si siri. Mke wangu anayo, wanafunzi wangu wanayo, fundi wa mabomba anayo. Lakini kila mmoja wao nilimpa mimi mwenyewe, kwa sababu ninayoijua.

Katiba yetu ya 2010 imeliona hilo. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutotakiwa kutoa, wala kufichuliwa, habari za familia yake au mambo yake ya kibinafsi pasipo sababu ya lazima. Tazama kwamba Katiba haikataza kufichua peke yake. Hata kule kuuliza tu, kama hakuna haja ya kuuliza, kumewekewa mpaka.

Mambo haya si nadharia. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika jina na nambari yake katika daftari la lango alipokwenda kumtembelea shangazi yake. Jioni ile ile alianza kupokea ujumbe wa mapenzi kutoka kwa mtu asiyemjua, aliyemwita kwa majina yake yote matatu. Hakuhitaji mganga kujua yametoka wapi. Daftari lilikuwa wazi mezani, na kila aliyekuja nyuma yake aliyasoma ya waliomtangulia. Binti huyo sasa anasema kila langoni anaandika jina la uongo. Basi daftari lililowekwa kwa ajili ya usalama limemkosesha yeye usalama, na jumba nalo limebaki na orodha ya majina yasiyo ya mtu.

Nilipata kumuuliza mlinzi mmoja, kijana wa rika la wanangu, "Kijana wangu, daftari hili likijaa linapelekwa wapi?"

Akacheka. "Mzee, hata mimi sijui. Yale ya zamani yako hapo chini ya meza."

Sisemi walinzi waache kazi yao. Nchi iliyopitia Westgate mwaka 2013 na DusitD2 mwaka 2019 haiwezi kudharau lango. Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia huduma za ulinzi wa kibinafsi inamruhusu mlinzi kumtaka mgeni ajitambulishe na kuandika saa ya kuingia na kutoka, hata kukishika kitambulisho chake kwa muda. Lakini ruhusa hiyo ni ya kazi ya kumtambua mgeni. Haikugeuza jina la mtu kuwa mali ya yeyote apitaye mezani.

Baadaye ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa lugha nyepesi, inasema data za kibinafsi zikusanywe kwa lengo lililotajwa wazi, zisizidi zinazohitajika kwa lengo hilo, na zisiwekwe kupita muda unaohitajika. Habari za familia au mambo ya kibinafsi ya mtu zikitakiwa, lazima atolewe maelezo ya maana. Mtu ana haki ya kujua data zake zitatumiwaje, kuziona, kupinga zisitumiwe, na kutaka zilizo na makosa zisahihishwe. Sheria hii ina meno. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi wao. Kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi kilitozwa Sh1,850,000 kwa kutundika mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia.

Nimetumia neno ridhaa kwa makusudi, maana hapa ndipo lugha inapobeba mzigo mzito. Tuna maneno matatu yanayokaribiana: idhini, hiari na ridhaa. Idhini ni ruhusa, nayo hutolewa na mwenye mamlaka juu ya jambo. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliozaa pia neno la sikio na neno adhana. Kuna kusikia ndani yake. Hiari ni uwezo wa kuchagua, kwamba njia zipo zaidi ya moja. Ridhaa ni ndugu wa radhi, ridhika na maridhiano: ni moyo wenyewe kukubali ukiwa umetulia. Katika ndoa ya Kiislamu, walii hutoa idhini, lakini bibi harusi huulizwa ridhaa yake. Hakuna anayeyachanganya mawili hayo akaachwa bila kusahihishwa na wazee.

Sasa tazama sheria inavyoieleza ridhaa: iwe ya wazi, isiyo na utata, ya hiari, ya jambo mahususi, na itolewe na mtu aliyefahamishwa. Ukiyaweka masharti hayo kando ya maneno yetu matatu, utaona kwamba Kiswahili hakikuwa nyuma. Penye idhini bila hiari, hakuna ridhaa. Na asiyesikia akaelewa, hawezi kusemekana ameidhinisha.

Mwaka 2023 tulipata mfano mkubwa wa jambo hili. Watu walipanga foleni Nairobi ili mashine za Worldcoin zipige picha mboni za macho yao, nao walipwe kwa sarafu ya kidijitali. Mwezi Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba ridhaa iliyovutwa kwa malipo haikuwa ridhaa ya kweli. Mtu mwenye njaa akikuuzia mboni yake amekupa idhini, ndiyo. Kuridhia ni jambo jingine.

Hebu turudi langoni. Ni kweli kwamba si kila data huhitaji ridhaa. Sheria inatambua sababu nyingine halali, na usalama unaweza kuwa mojawapo. Lakini wajibu wa kumfahamisha mtu unabaki, na hapo ndipo tunaposhindwa vibaya. Pale ambapo pana tangazo lolote, mara nyingi ni la Kiingereza cha mawakili, limebandikwa juu kuliko macho ya mtu. Simu zetu ni hivyo hivyo: kurasa kumi za Kiingereza, halafu kitufe cha kukubali. Hata hicho kijifaili kinachowekwa kwenye simu ili kukumbuka umepitia wapi, wafasiri wamekiita kidakuzi, neno ambalo masikioni mwangu liko karibu sana na udaku. Afadhali! Jina linamwamsha msikilizaji, akauliza.

Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mama anayeuza mboga na anayeingia jumbani kupeleka mzigo ana haki ya kufahamishwa kwa lugha anayoielewa. La sivyo, tunachokiita kumfahamisha ni kumsomea tu.

Wala hahitaji hotuba. Tangazo la lango linaweza kuwa hivi: "Karibu. Tunaandika jina lako na saa ya kuingia ili tujue nani yumo ndani wakati wa hatari. Hatutampa mtu mwingine habari hizi. Karatasi hii itachanwa baada ya siku 30. Ukiwa na swali, muulize msimamizi, chumba nambari 2." Yako maneno yasiyofika 40, na kila mtu anayaelewa. Mwenye jumba atalazimika kuamua mambo manne kabla ya kuliandika: anataka nini, kwa nini, kwa muda gani, na nani atawajibika. Akiyaamua, huenda akagundua kwamba hahitaji nambari ya simu wala anakotoka mgeni. Na badala ya daftari moja lililo wazi, atumie karatasi moja kwa kila mgeni, iwekwe kwenye sanduku lenye kufuli.

Nawe msomaji, siku nyingine ukipewa daftari, uliza kwa upole: hizi ni za nini, na zitakaa hapa hadi lini? Kuuliza si ukaidi. Mlinzi asipojua, mwombe akuitie anayejua.