Ulinzi wa watoto na watu wazima walio hatarini katika makanisa ya Shinyanga na Geita

Ulinzi wa watoto na watu wazima walio hatarini katika makanisa ni jumla ya kanuni, mafunzo na taratibu zinazowekwa ili mtu anayekuja kanisani kusali, kujifunza au kuomba msaada asidhuriwe na wale waliokabidhiwa kumhudumia, na ili dhara likitokea lisifichwe. Ulinzi huo hauhusu makosa ya kujamiiana peke yake. Unagusa pia kipigo, utumikishwaji, kutelekezwa, kudhalilishwa, kunyang'anywa mali kwa kisingizio cha dini na kuzuiwa kupata matibabu.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini magharibi mwa Tanzania, jambo hili lina uzito wa pekee. Huko ndoa za utotoni, kazi ya watoto machimboni, ukatili dhidi ya watu wenye ualbino na mauaji ya vikongwe wanaodhaniwa kuwa wachawi vimekutana katika eneo moja, na mara nyingi kanisa ndilo taasisi iliyo karibu zaidi na nyumba ya mhanga.

Mazingira ya eneo

Wenyeji wengi wa eneo hili ni Wasukuma, wakulima wa pamba na mahindi na wafugaji wa ng'ombe. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Uchumi wake unategemea sana dhahabu: mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na katika Wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, kuna mgodi wa Bulyanhulu, na ulikuwepo pia wa Buzwagi uliositisha uzalishaji mwaka 2021. Pembeni ya migodi hiyo kuna maelfu ya wachimbaji wadogo katika maeneo kama Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa.

Dhahabu inapogunduliwa mahali, watu hukusanyika kwa wingi katika muda mfupi. Wanaofika hawafahamiani, ukoo hauko karibu, na mwenyekiti wa kitongoji hajui nani ametoka wapi. Makanisa nayo huanzishwa haraka, wakati mwingine chini ya turubai. Mhubiri mgeni anaweza kukabidhiwa watoto wa kwaya bila yeyote kuuliza alikotoka wala kwa nini aliondoka huko.

Kanisa Katoliki lina majimbo ya Shinyanga, Kahama na Geita. Kanisa la Africa Inland (AICT) lina mizizi mirefu Usukumani, na hospitali yake ya Kolandoto iko karibu na mji wa Shinyanga. Wapo pia Walutheri, Waanglikana, Wasabato na makanisa mengi ya Kipentekoste. Dhehebu hutakiwa kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, lakini cheti cha usajili hakithibitishi tabia ya kila mtumishi wa dhehebu hilo.

Walio hatarini zaidi

*Watoto wa machimboni.* Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2013, iliyohusu Geita, Kahama na Chunya, ilieleza watoto wakichimba mashimoni, wakibeba mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu wakati wa kukamatisha dhahabu. Ilieleza pia wasichana wanaonyanyaswa kingono katika maeneo hayo. Mtoto wa namna hii huweza kuonekana kanisani Jumapili tu. Katekista au mwalimu wa shule ya Jumapili anaweza kuwa mtu mzima wa kwanza kuona majeraha yake, au kutambua kwamba ameacha shule.

*Wasichana.* Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Shinyanga ya wakati huo ilijumuisha sehemu kubwa ya Simiyu ya leo na pia Bukombe, ambayo sasa iko Geita. Mahari ya ng'ombe na umaskini ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mjini Shinyanga shirika la AGAPE limekuwa likiwahifadhi na kuwasomesha wasichana waliookolewa kutoka ndoa hizo.

*Watu wenye ualbino.* Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba watu wenye ualbino wasiopungua 75 walikuwa wameuawa Tanzania tangu mwaka 2000. Mengi ya mashambulizi hayo yalitokea Kanda ya Ziwa, yakichochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, ikiwemo bahati ya kupata dhahabu au samaki. Kituo cha Buhangija mjini Shinyanga, kilichojulikana kwanza kwa elimu ya watoto wasioona, kilipokea watoto wengi waliokimbizwa huko kwa usalama. Baadhi yao walikaa miaka mingi bila kuwaona wazazi wao.

Mwaka 2024 mtoto wa kike wa miaka miwili mwenye ualbino alichukuliwa kwa nguvu nyumbani kwao Muleba, mkoani Kagera, mkoa unaopakana na Geita, na baadaye mwili wake ukapatikana umekatwa viungo. Watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba kwa shtaka la mauaji. Miongoni mwao walikuwemo baba wa mtoto na padri aliyekuwa paroko msaidizi. Kufunguliwa mashtaka si kutiwa hatiani. Hata hivyo tukio hilo liliwafanya waumini wengi nchini kujiuliza kama vazi la utumishi linatosha kuwa dhamana ya usalama.

*Vikongwe.* Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo husababishwa na moshi wa kuni na samadi jikoni kwa miaka mingi. Waganga wapiga ramli chonganishi huhusishwa na mauaji haya, na mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku shughuli zao. Mhubiri anayemtaja mtu hadharani kuwa mchawi, au anayesema katika mkesha kwamba ugonjwa wa mtoto umetumwa na bibi yake, hufanya kazi ileile ya mpiga ramli, na matokeo yanaweza kuwa yaleyale.

*Wagonjwa na watu wenye ulemavu.* Wanaotafuta uponyaji, hasa wenye kifafa, magonjwa ya akili au virusi vya UKIMWI, huweza kushawishiwa kuacha dawa, kulala kanisani kwa siku nyingi au kufungwa kamba wakati wa maombezi. Mtu mzima wa namna hii ana haki ya kulindwa kama mtoto, kwa sababu kwa wakati huo uwezo wake wa kukataa umepungua.

Imani na mamlaka

Dhara linalotokea kanisani hutofautiana na lile la mtaani kwa jambo moja: mhanga alikuwa amefundishwa kumwamini aliyemdhuru. Mtoto huambiwa kumtii mtumishi wa Mungu. Mzazi humruhusu binti yake kwenda mazoezi ya kwaya usiku kwa kuwa ni ya kanisa, mahali ambapo asingemruhusu kwenda disko. Jambo likitokea, mhanga huona kwamba kusema ni kulitia kanisa aibu, na wengine humwambia hivyo waziwazi.

Ukimya huu haupo makanisani tu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Takriban nusu ya wasichana hao, na theluthi moja tu ya wavulana, ndio waliomweleza mtu.

Afrika Mashariki imeona pia mwisho wa njia ya utiifu usioulizwa. Mwaka 2000 mamia ya waumini waliteketea kwa moto Kanungu, Uganda. Mwaka 2023 miili ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, hadi ikapita 400, wakiwemo watoto wengi.

Sheria

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Inakataza kumwajiri mtoto katika kazi hatarishi, ikiwemo uchimbaji wa madini, na inamtaja kila mwanajamii kuwa na wajibu wa kupeleka taarifa serikali za mitaa anapojua haki za mtoto zinavunjwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2010.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni za Adhabu masharti ambayo waumini wengi hawayajui. Kifungu cha 130 kinamtaja kwa jina la kazi yake kiongozi wa dini anayetumia nafasi yake kumbaka msichana au mwanamke, sambamba na mganga wa jadi anayemtendea hivyo msichana aliyekuja kutibiwa. Adhabu ya kubaka kwa kawaida haipungui kifungo cha miaka 30, na ni kifungo cha maisha mhanga akiwa chini ya miaka 10. Makosa ya kulawiti wavulana nayo huadhibiwa vikali, hadi kifungo cha maisha.

Kuhusu ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Mwaka 2016 pia Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Kwa hiyo mchungaji anayefungisha ndoa bila kuuliza umri wa bibi harusi hawezi kujitetea kwamba wazazi walikubaliana.

Kanuni za makanisa

Katika Kanisa Katoliki, hati ya Papa Fransisko iitwayo *Vos estis lux mundi* ya mwaka 2019, iliyopata sura ya kudumu mwaka 2023, inalitaka kila jimbo liwe na njia ya wazi ya kupokea malalamiko. Inawabana mapadri na watawa kutoa taarifa wanapojua au kushuku kosa, na inawataja watu wazima walio hatarini pamoja na watoto. Mwaka 2019 hiyohiyo Baraza la Ushauri la Anglikana lilipokutana Hong Kong liliidhinisha miongozo ya usalama wa watu wote katika makanisa ya ushirika huo.

Siri ya kitubio haiathiriwi na kanuni hizi: padri hawezi kufichua alichoungamiwa. Lakini mazungumzo ya ofisini au njiani si kitubio. Padri anayeelezwa jambo hilo na mtoto katika kitubio anaweza kumhimiza alieleze tena nje ya sakramenti, ili asaidiwe.

Hatua za kawaida za ulinzi

Hatua zinazopendekezwa hazihitaji fedha nyingi, na kigango kidogo kinaweza kuzitekeleza:

* kumpokea mhudumu mgeni kwa barua ya mahali alipotoka, kisha kuwasiliana na watu wa huko badala ya kuamini karatasi tu;
* kuwa na watu wazima wawili, wasio ndugu, kila watoto wanapokusanyika;
* kufanya ushauri na maombezi mahali panapoonekana, bila kufunga mlango;
* kuwatenganisha watoto na watu wazima wakati wa kulala katika makambi, semina na mikesha;
* kutomtuma mtoto peke yake nyumbani kwa mhudumu, hata kwa kazi ndogo ya kuchota maji au kufua;
* kuwafundisha watoto kwamba hakuna mtumishi mwenye haki ya kuwawekea siri ya mwili;
* kutomwambia mgonjwa yeyote aache dawa za hospitali;
* kuchagua watu wawili wa kupokea taarifa, angalau mmoja mwanamke, na kutangaza majina yao.

Kutoa taarifa

Mtoto anapoeleza jambo, anayemsikiliza hutakiwa kutulia, kutomhoji kama mpelelezi, kutomwahidi kwamba hatamwambia mtu, na kuandika maneno yake kama alivyoyasema. Taarifa hupelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au ofisi ya kijiji au mtaa. Namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto hupigwa bila malipo.

Kama kuna tendo la kingono, mhanga apelekwe hospitali mapema bila kuoga, na nguo zake zihifadhiwe. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianza ndani ya saa 72. Polisi hutoa fomu ya PF3 kwa ajili ya uchunguzi wa daktari.

Kamati ya kanisa haina kazi ya kuchunguza kama kosa limetendeka. Kumwita mtuhumiwa na mtoto wakae meza moja "wapatanishwe" humtisha mtoto na kumpa mtuhumiwa nafasi ya kuharibu ushahidi. Kazi ya kanisa ni kumwondoa mtuhumiwa katika huduma kwa muda, kumtunza mhanga na kuviachia vyombo vya dola vifanye kazi yake. Utaratibu huu humlinda pia mtumishi aliyesingiziwa, kwa kuwa uchunguzi huru ndio unaoweza kumsafisha.

Changamoto

Changamoto kubwa ni desturi ya *kumalizana nyumbani*. Familia ya mhanga hupokea ng'ombe au fedha, wazee na wakati mwingine wachungaji huwa mashahidi wa makubaliano, na siku ya kesi mtoto hapatikani. Mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Tangu mwaka 2016 mtoto wa chini ya miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema ukweli. Lakini hilo halisaidii iwapo mtoto amehamishiwa kwa shangazi mkoa mwingine.

Nyingine ni uhamisho. Mhudumu aliyeshukiwa akihamishwa kimyakimya kutoka usharika mmoja hadi mwingine, au akiondoka mwenyewe kwenda machimbo mapya na kuanzisha huduma yake, historia yake hubaki nyuma. Umbali wa vituo vya polisi, uchache wa maofisa ustawi wa jamii na gharama za nauli huwakatisha tamaa walio maskini.

Tena msamaha hutafsiriwa vibaya. Makanisa yote yanafundisha kusamehe, na wapo wanaoelewa kwamba aliyesamehe hapaswi kushtaki. Lakini kosa la jinai ni la Jamhuri, halifutwi na mapatano ya pande mbili, na mhanga anaweza kumsamehe aliyemkosea huku sheria ikiendelea. Mahali ambapo viongozi hulifundisha hili kabla tatizo halijatokea, familia huwa na nguvu zaidi ya kukataa ng'ombe wa kunyamazishwa.