Sheikh Ramiya na Somo la Kazi kwa Vijana Wetu

Swali ambalo wazazi hutuletea mara kwa mara katika kamati ya msikiti hapa Bagamoyo ni hili: kijana amemaliza masomo, cheti anacho, ajira hakuna, afanye nini? Wengi wa vijana hao hukaa nyumbani wakingoja, huku wakiona haya kushika jembe au beseni la samaki. Jibu tunalo katika historia ya mji wetu wenyewe.

Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo angali mtoto, mateka kutoka Manyema, mashariki ya Kongo. Akawa mtumwa katika nyumba ya tajiri Amir bin Suleiman Al-Lamki. Hakuwa na ukoo wa kumtetea wala urithi wa kuanzia maisha. Tukumbuke kwamba utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Hivyo aliishi zama ambazo mtu alipimwa kwa nasaba yake.

Aliuza samaki. Alichokipata hakukitapanya, bali alikigeuza kuwa mashamba ya minazi. Biashara nayo haikumzuia kutafuta elimu: alisoma kwa masheikh, kisha naye akafundisha, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya na mmoja wa wanazuoni walioheshimiwa sana katika pwani hii. Alipofariki mwaka 1931, mwanawe, Sheikh Muhammad, aliiendeleza kazi yake.

Tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, kazi ya halali haina aibu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa chakula bora ni kile mtu anachokichuma kwa mikono yake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikula kwa kazi ya mikono yake.

Pili, elimu na kazi visisubiriane. Mwenye cheti na aanze na kazi iliyopo, na mwenye kazi atenge saa ya darsa, hata kama ni baina ya Magharibi na Isha.

Tatu, mafanikio hukamilika yanapowafikia wengine. Sheikh Ramiya hakumbukwi leo kwa wingi wa minazi yake, bali kwa watu aliowasomesha.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Kijana mwenye dini na tabia njema, anayeamka alfajiri kwenda soko la samaki pale karibu na forodha ya zamani, akileta posa tusimrudishe kwa sababu tu hana ofisi. Tukimdharau yeye, tunawafundisha wadogo zake kwamba ni heri kukaa bure kuliko kufanya kazi ndogo. Mji huu ulikwisha kuona muuza samaki akiwa mwalimu wake.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali na elimu yenye manufaa. Amin.