Kaskazi Imewaka, Umebeba Kitabu Gani?

Haya jamani, kaskazi ndiyo hiyo. Kuanzia Disemba mpaka Februari Unguja inachemka kama sufuria ya urojo. Ndani hakukaliki, feni inazungusha joto lile lile, na umeme ukikatika ndiyo basi tena. Watu wa Chukwani wana bahati yao: pwani iko mlangoni na upepo ni wa bure. Hata Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na kasri lake huko huko, kando ya bahari.

Sasa swali: ukishakaa zako chini ya mti, mkononi una nini? Simu tu? Aa, mwenzangu, hiyo chaji itakukimbia kabla ya alasiri.

Mwenye dawa ya tatizo hili ni muuza vitabu. Simsemi yule wa madaftari na rula wakati wa kufungua skuli. Namsema yule wa duka dogo, mwenye kuvijua vitabu vyake kama mama ntilie anavyovijua vyungu vyake. Huyo hakuulizi unataka kitabu gani. Anakuuliza unapenda nini, na kile cha mwisho ulikiacha ukurasa wa ngapi. Halafu ananyoosha mkono kwenye rafu. Leo na sisi tunafanya kama yeye. Taja maradhi yako, dawa hii hapa!

UNAPENDA UPELELEZI?
Kabla hujahangaika na wapelelezi wa Ulaya, mtafute Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, ndiye aliyemleta duniani katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Bwana Msa ana kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, na akili yake inakata kama wembe. Ukimpenda, endelea na Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu. Popote ukimkuta, usimwache, maana ukirudi kesho pengine ameshachukuliwa.

MAPENZI YAMEKUCHANGANYA?
Pole sana. Soma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin ni msichana mdogo wa Kihindi aliyeozwa mzee, akaona hapana, hapa sipo. Mara anatokea Denge, kijana ambaye kichwani ana siasa za kumng'oa mkoloni. Hapo ndipo kasheshe linapoanza! Amil Shivji alikifanya kitabu hiki filamu, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2021. Umeshaiona filamu? Vizuri, lakini usijidanganye kuwa umemaliza. Mengi yamebaki kwenye kurasa.

BOSI ANAKUONEA?
Adam Shafi huyo huyo ana Kuli, ya mwaka 1979. Ni habari ya Rashidi na wachukuzi wa bandarini Unguja, watu waliobeba mizigo ya dunia nzima na kulipwa senti za kuhesabu, mpaka mgomo ukawaka. Na mgomo wenyewe si wa kubuni tu, bandari ya Zanzibar iligoma kweli mwaka 1948. Ukikimaliza, kila ukipita Malindi na kuona makontena utaikumbuka migongo ya hao wazee.

NYUMBANI UNABANWA?
Madada, hiki chenu, na akina baba nao wasome kwa siri. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, inamhusu Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba mkali mwenye cheo na heshima za nje. Siku aliyotoka, dunia ilimpokea vibaya. Kitabu hiki kiliwahi kutahiniwa huko Kenya, kwa hiyo wengi walikisoma kwa kukariri majibu. Kisome tena bila mwalimu nyuma yako, utaona kama si kitabu kingine kabisa. Na ukitaka kalamu ya mwanamke, muulize muuzaji Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani.

HUNA SUBIRA?
Kuna watu wakiona kurasa 200 wanaumwa kichwa. Nyinyi chukueni Kimbunga, mashairi ya Haji Gora Haji, mtoto wa Tumbatu, yaliyochapishwa 1994. Shairi moja kwa kikombe kimoja cha kahawa, basi. Mzee alifariki mwaka 2021, lakini mafumbo yake bado yanawatoa watu jasho barazani.

SASA TUSEME UKWELI
Mwaka huo huo wa 2021, mwezi wa Oktoba, dunia nzima ilitangaziwa kuwa Nobel ya fasihi amepewa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948. Tulishangilia, tukajipiga vifua, wa kwetu huyo! Lakini ni wangapi kati yetu tulikuwa tumefungua hata kitabu chake kimoja? Mimi pia nainamisha kichwa.

Udhuru ulikuwepo, Gurnah anaandika Kiingereza. Udhuru huo ulikwisha mwaka 2022, pale Ida Hadjivayanis alipokitafsiri Paradise, cha mwaka 1994, kikaitwa Peponi, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakichapa. Yusuf, kijana wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Safari inakwenda bara mpaka ndani kabisa. Kaskazi hii ukisoma kimoja tu, basi kiwe hiki.

Na hapa ndipo penye uchungu. Duka la vitabu halili makofi. Usiponunua, muuzaji haagizi tena. Asipoagiza, mchapishaji hachapi tena. Kitabu kinageuka hadithi ya kusimuliwa, na yule mtu wa kukuuliza unapenda nini anafunga mlango, panakuwa pa kuuzia makava ya simu. Chukwani ina chuo kikuu cha SUMAIT na ina Baraza la Wawakilishi. Wasomaji wapo tele, shida ni kwamba riwaya tumeiachia mtihani, na hata hiyo tunaitoa fotokopi!

Huna pesa? Changeni wanne, mnunue kimoja, mzungushe kwa zamu. Hata mchango huo huna? Maktaba Kuu iko Maisara, ingia. Ukipanda daladala kwenda Darajani Jumamosi hii, kabla hujafika kwenye viatu na manukato, pita kwanza kwa muuza vitabu. Mwambie ukweli wako wote, kama daktari. Hatacheka.

Halafu tukutane ufukweni Chukwani, jua likishapoa. Ila atakayekuja akatusimulia mwisho wa Bwana Msa, huyo tutamtosa baharini na nguo zake!