Kaleso, kilembwe wa mpira

Muulize mpishi yeyote wa Kilifi au Malindi muhogo gani autie nazi, uwezekano mkubwa atakutajia Kibandameno. Hauna uchungu, huiva vizuri chunguni, tena haumsubirishi mkulima sana. Ila maradhi yakipita, ndio wa mwanzo kuanguka. Batobato huyakunja majani yake na kuyatia mabaka ya manjano. Michirizi ya kahawia ni mibaya zaidi kwa sababu ni minafiki: shina limesimama, majani yanapendeza, mwenye shamba anahesabu magunia. Siku ya kung'oa akikata muhogo anakuta ndani madoa makavu ya kahawia, magumu kama kizibo. Jasho la mwaka mzima limekwenda hivyo.

Maradhi yote mawili ni ya virusi, hubebwa na inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani. Lakini msafirishaji mkubwa ni sisi wenyewe. Muhogo hatuupandi kwa mbegu za tunda, twaupanda kwa vijiti, na kijiti kilichokatwa kwenye shina lenye virusi huenda navyo mpaka shamba la jirani aliyekuja kuomba mbegu kwa wema. Na lipo jambo la pili. Vijiti kumi vya shina moja si mihogo kumi, ni muhogo mmoja uliosimama mahali kumi. Ugonjwa ukijua kuuingia mmoja, umejua kuiingia yote.

Michirizi ya kahawia ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols walikusanya mihogo ya kila namna, hata ya ng'ambo, wakitafuta itakayohimili. Hawakupata ya kutosheleza. Ndipo wakaacha kutazama mihogo, wakatazama jamaa zake.

Jamaa aliyewafaa sana ni mpira, ule mti unaoonekana kwenye mipaka ya mashamba na nyuma ya nyumba, majani yake yakichumwa kuwa mboga. Asili yake ni Brazili kama muhogo wenyewe, na uliletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya utomvu wake, enzi za biashara ya mpira. Biashara ilikufa, mti ukabaki. Mizizi yake hailiki, lakini una kromosomu jozi 18 sawasawa na muhogo, kwa hiyo wawili hawa huzaana bila taabu kubwa.

Taabu iko kwa mtoto. Nusu yake ni mpira, na mizizi yake haina la kumpa mlaji. Wataalamu wa Amani wakamrudisha kwa muhogo, wakachagua wajukuu waliobaki na afya, nao wakawarudisha kwa muhogo, kisha wakarudia tena. Kila mara sehemu ya mpira hupungua kwa nusu, hata kwa kilembwe ikabaki wastani wa moja ya kumi na sita, ila ni lazima iwe sehemu yenye kinga. Mmoja wa vilembwe hao aliandikwa 46106/27. Wakulima wa pwani ya Kenya wakamwita Kaleso. Kusini mwa Tanzania upo muhogo uitwao Namikonga, na vipimo vya vinasaba vilipofanywa ilionekana kwamba ni huyohuyo. Mwaka 2016 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha usomaji wa jenomu za mihogo na jamaa zake, na vipande vya mpira vikaonekana waziwazi ndani ya mihogo ya Afrika. Baadhi vilifika mbali: D. L. Jennings, aliyeendeleza kazi ya Amani, alipeleka mbegu Nigeria, na uzao wake ukawa msingi wa mihogo inayostahimili batobato iliyozalishwa Ibadan tangu miaka ya 1970.

Kaleso hana kinga kamili. Virusi vyaweza kumwingia, ila havimwozeshi mizizi kama vinavyomfanya Kibandameno. Mbona basi pwani nzima haijahamia kwake? Kwa sababu mkulima hapandi kinga, anapanda chakula, na mimi simlaumu. Theresia Munga, aliyefanya kazi kituo cha Mtwapa, alilichukua suala hili kwa uzito. Katika tasnifu yake ya mwaka 2008, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kuhusu kuzalisha mihogo ya pwani ya Kenya inayohimili michirizi, matakwa ya wakulima yalipimwa pamoja na ugonjwa.

Kumwoza Kaleso kwa Kibandameno, ili kinga ikutane na utamu, kunataka subira. Ua la kike la muhogo hutangulia kufunguka kabla ya madume ya kishada hichohicho, hivyo mtaalamu hulifunika kwa mfuko wa kitambaa, akalipaka chavua ya mzazi aliyemchagua, kisha akangoja tunda, ambalo halina zaidi ya mbegu tatu. Hapa, tofauti na vijiti, kila mbegu ni kiumbe kipya: mmoja atachukua kinga akaacha utamu, mwingine atakosa vyote viwili. Na kwa kuwa majani husema uongo, hana njia ila kungoja mwaka, ang'oe, akate kila mzizi vipande vipande, aitazame nyama yake. Iliyobaki nyeupe ndiyo inayopata ruhusa ya kwenda chunguni.