Duka ya michezo ya video: kukodisha jina kubwa ao kusimama peke yako?

Katika miji ya mashariki mwa Congo, kuanzia Goma na Bukavu mupaka Bunia na Kisangani, kila mutu anajua namna nyumba ya play inaanza: televizio mbili ao tatu, mashine za PlayStation zenye zimekwisha kutumiwa, mabenchi, na kijana mumoja wa kupokea feza. Mwenye kushindwa anasimama, mwingine anakaa. Lakini kijana mwenye amechunga dola elfu chache na anataka kuenda mbali zaidi, yaani kufungua duka yenye kuuzisha mashine, maneti na michezo, anakutana na swali lenye wafanya-biashara wa Ulaya na Marekani wanajiuliza tangu zamani: kuingia chini ya jina lenye kujulikana, ao kuanza kivyake?

Njia ya kwanza inaitwa franshizi. Watu wengi wanaichanganya na kazi ya Airtel Money, M-Pesa ao Orange Money, kwa sababu huko pia kibanda kinapakwa rangi ya kampuni. Lakini haifanane. Ajenti wa M-Pesa anapewa komisyo na kampuni. Katika franshizi feza inafuata njia ingine: mwenye duka ndiye analipa. Anatoa feza ya kuingia, anatengeneza duka kufuatana na mupango wa kampuni, kisha kila mwezi anatoa asilimia fulani. Deni ni lake, hasara ni yake, lakini jina haliko lake.

Ile asilimia ndiyo inaangusha watu wengi, kwa sababu mara nyingi inahesabiwa kwenye feza yenye kuingia, hapana kwenye faida. Tuchukue mufano: duka inaingiza dola 1.000 kwa mwezi, na mukataba unaomba asilimia 5, ni kusema dola 50. Kama kisha kulipa nyumba, umeme, mufanyakazi na bidhaa kunabakia dola 150, kampuni imekamata sehemu moja kati ya tatu ya faida. Mwezi wenye kunabakia dola 30 tu, ile 50 inapashwa kulipwa vilevile, na mwenye duka anatafuta dola 20 kwenye mufuko wake.

Anapata nini? Kama kampuni ni ya kweli, anapata mafundisho, bidhaa kwa bei ya jumla, na wateja wenye wanajua jina mbele hata ya kuingia. Hiyo si kitu kidogo. Shida ni kwamba majina makubwa hayauzishwe kwa kila mutu. GameStop, yenye kujulikana zaidi Marekani, inashika maduka yake yenyewe. Haifungulie watu binafsi mulango wa franshizi. (Kuandika «PlayStation» kwenye ukuta kwa rangi ya buluu, namna inaonekana katika mitaa mingi, hakufanye mutu kuwa ajenti wa Sony.)

Tena jina kubwa halikinge mutu. Katika mwaka wake wa hesabu wa 2024, GameStop ilifunga maduka 590 katika Marekani peke yake. Sababu kubwa inajulikana: watu wanapakua michezo kwenye intaneti na hawanunue tena diski. Tangu 2020 kuko PlayStation 5 yenye haina pahali pa kuingiza diski, na PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 pia inauzishwa bila hiyo sehemu. Mutu mwenye angelipa leo ili kuingia katika biashara ya diski huko Marekani angekuwa ananunua nafasi katika nyumba yenye wengine wanatoka.

Historia ya Blockbuster inaonyesha upande mwingine. Kampuni hiyo ya kukodisha filamu na michezo ya video ilikuwa na maduka karibu 9.000 katika 2004. Ikafilisika katika 2010. Maduka yake yenyewe ikayafunga. Moja yenye ilibakia iko katika muji wa Bend, jimbo la Oregon, na hiyo ilikuwa ya franshizi: ilianza kama duka ya filamu yenye kujitegemea katika 1992, ikachukua jina la Blockbuster katika 2000. Mama aliye na jina akaanguka, mutoto akabakia wima, kwa sababu mwenye duka alikuwa mukaaji wa pale, na wateja walikuwa wake.

Kwa mukaaji wa Congo, kuko pia jambo la sheria. Marekani, mwenye kuuzisha franshizi analazimishwa kutoa hati yenye habari zote siku 14 mbele ya kutia sahihi. Ufaransa, sheria ya 1989 yenye kuitwa Doubin inaomba siku 20. Congo iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012, lakini OHADA haina sheria ya pekee juu ya franshizi. Ni kusema kila kitu kiko katika karatasi yenye mutu anatia sahihi: nani ataleta bidhaa, kama duka ingine ya jina lile lile inaweza kufunguliwa ngambo ya barabara, na kesi itahukumiwa katika inchi gani. Na kulipa kila mwezi kampuni ya ngambo kunaomba benki yenye kufanya kazi. Katika Goma, mabenki yalifunga milango Januari 2025.

Mwenye kusimama peke yake ana uhuru wenye mukataba wa franshizi unaweza kumunyima. Anaweza kukodisha mashine kwa saa, kutengeneza maneti, kubadilisha diski ya zamani na ya mupya kwa kuongeza feza kidogo. Na huku diski ingali na nguvu, tofauti na Marekani. Congo haiko kati ya inchi zenye PlayStation Network inahudumia rasmi. Wachezaji wanafungua konti kwa jina la inchi ingine. Na michezo mikubwa ya leo inaweza kupita gigabaiti 100. Kwa bei ya intaneti ya huku, hakuna mutu anapakua hiyo kwa mukopo wa simu.

Lakini umeme hauulize kama duka ni ya nani. PlayStation 5 inaweza kula karibu wati 200 wakati wa muchezo. Ine pamoja na televizio zake zinakaribia kilowati moja, na siku umeme unakatika, esanse ya jenereta inakula faida mbele ya mutu mwingine yeyote.

Uzaifu mukubwa wa mutu wa peke yake ni kununua. Akienda Kampala na feza ya mashine mbili, anapewa bei ya mashine mbili, na maneti za uongo zinachanganywa ndani. Hapo ndipo kuko njia ya tatu yenye haizungumuziwe sana. Sheria ya OHADA juu ya koperative inaruhusu watu 5 kuunda koperative ndogo. Maduka tano zinaweza kununua pamoja, kila moja ikichunga jina lake, bila kulipa asilimia kwa mutu wa mbali. Watu wa Kivu wanajua tayari namna ya kuchanga feza katika AVEC. Hapa wangechanga kwa ajili ya bidhaa, na jambo moja ni lazima liandikwe mbele ya safari ya kwanza: kama kati ya mashine kumi moja inafika imekufa, hasara ni ya duka gani.